Kijakazi Akiugua, Nani Humjibia kwa Daktari?

Msomaji, kama wewe ni mkazi wa Milimani hapa Kisumu, au wa mtaa mwingine wowote wenye nyumba zilizozungushiwa ua na mlinzi langoni, yamkini umewahi kumpeleka msichana wako wa kazi kwa daktari. Ulifanya vyema, kwani wapo wasiowapeleka. Lakini hebu kumbuka: mlipoingia katika chumba cha daktari, nani aliketi kwenye kiti kilicho karibu na meza, na nani alisimama kando ya mlango? Daktari alipouliza, "Unaumwa wapi?" ni nani aliyejibu?

Mimi huketi upande wa pili wa meza hiyo. Kwa miaka mingi jambo hili halikunishughulisha. Mwajiri husema msichana ana homa tangu jana, mimi hupima joto, huandika dawa, mwajiri hulipa, nao huenda zao. Kazi imekwisha. Kilichonifanya nibadili mawazo ni mgeni aliyenijia mwaka jana, na jibu nililompa, ambalo hadi leo linaniudhi.

Mgeni huyo alikuwa mwanamke wa makamo ya miaka thelathini hivi, msomi wa takwimu. Alikuwa na kibali cha utafiti kutoka tume ya serikali ya sayansi, teknolojia na ubunifu, pamoja na hojaji iliyowekwa ndani ya simu kubwa. Akanieleza kwamba kazi yake ni kuhesabu watu walio katika utumwa mamboleo. Nilidhani sikumsikia vizuri. Nikamwambia, "Dada, umepotea njia. Hapa ni Milimani. Labda ungejaribu huko Busia mpakani, au fuo za wavuvi." Akatabasamu, nadhani si mara ya kwanza kuambiwa hivyo, kisha akaniuliza maswali yake. Mojawapo lilikuwa hili: kati ya watu ninaowafahamu, wakiwamo wagonjwa wangu, nawajua wangapi ambao wanafanya kazi wasiyoweza kuiacha wakitaka, kwa sababu ya vitisho, kupigwa, kufungiwa, au kunyimwa mshahara na kitambulisho?

Nikasema, "Hakuna."

Akabonyeza sifuri. Akanishukuru, akaondoka.

Usiku ule, nikiwa nala chakula kilichopikwa na mtu mwingine, nikamkumbuka msichana mmoja. Nitabadili mambo madogo madogo ili asitambulike, lakini kiini ni hiki. Miaka kadhaa iliyopita, mama mmoja ninayemfahamu alimleta akiwa ameungua mkono na paja. Nilipomuuliza msichana aliunguaje, mama akajibu kwamba alijimwagia maji ya ugali. Nilipouliza umri, mama akajibu, "Kumi na minane." Msichana alitazama sakafu muda wote. Daktari anayejua kazi yake hasomi umri kwa masikio tu. Mikono yake, kifua chake na meno yake vilisema miaka kumi na mitatu, pengine kumi na minne. Kidonda nacho hakikuwa cha siku hiyo, kilikuwa na siku nne au tano, kimeanza kutoa usaha. Niliyaona yote hayo. Nikasafisha kidonda, nikampa dawa ya kuua viini na ya maumivu, kisha nikaandika kwenye kadi: miaka 18, ajali ya jikoni. Nikawaambia warudi baada ya siku mbili kufunga upya. Hawakurudi. Nilipokutana na mama yule baadaye, alisema yule mtoto alikuwa mkaidi na amerudishwa kwao.

Basi sifuri ile niliyompa mtafiti haikuwa kweli. Si kwamba nilikusudia kudanganya. Nilikuwa nimekwisha kujidanganya kitambo, kwa kalamu yangu mwenyewe, siku nilipoandika 18.

Nilimpigia simu mtafiti kesho yake. Alinishukuru, lakini akasema jibu langu la kwanza ndilo lililoingia katika hesabu, kwa kuwa hawezi kuwaruhusu baadhi ya watu wajirekebishe na wengine wasipate nafasi hiyo. Kwanza nilikasirika, baadaye nikaona ana haki. Ndipo nikamwomba aje tena, safari hii anieleze mimi.

Huenda nawe unajiuliza kama si kutia chumvi kuyaita mambo haya utumwa. Tazama basi lugha yetu yenyewe. Magazeti na redio za Kenya zimezoea kumwita msichana wa kazi "kijakazi." Fungua kamusi uone: mjakazi ni mtumwa wa kike, na kijakazi ni yule mdogo. Tumelichukua neno la soko la watumwa la Pwani tukaliweka jikoni, na hakuna aliyeshtuka. Upande wetu huu wa ziwa tunalo neno jingine lenye heshima, japidi, yaani mtoto wa kike, mara nyingi binti wa ndugu, anayekuja kusaidia kulea mtoto mchanga. Desturi hiyo haikuwa utumwa. Japidi alikula chungu kimoja na wengine, alikuwa na shangazi wa kumsemea, na akichoka aliweza kurudi kwa mamake. Shida ni kwamba siku hizi jina na sura ya ujapidi hubaki vile vile huku yaliyomo yakigeuka. Mtoto hutolewa kijijini na mtu wa kati, hana udugu na mwenye nyumba, hajui barabara ya kurudia kwao, nasi tunasema, "Ni kama binti yetu."

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mtafiti si kuhesabu, bali kuamua anahesabu nini. Mkataba namba 29 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1930, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1964, huangalia mambo mawili: je, mtu alikubali kazi hiyo kwa hiari, na je, anaifanya kwa kutishiwa adhabu fulani? Haukuangalia kama kazi ni chafu au mshahara ni mdogo. Hapa naomba tuelewane. Kiwango cha chini cha mshahara kilichowekwa Novemba 2024 kwa kundi la wafanyakazi wanaojumuisha yaya na watumishi wa nyumbani katika miji mikubwa kama Kisumu kilikuwa shilingi 16,113 na senti 75 kwa mwezi, na sote tunajua nyumba nyingi zinazolipa chini ya nusu ya hapo. Huo ni uvunjaji wa sheria na ni aibu, lakini peke yake si utumwa. Mama wa Nyalenda anayevuka Ring Road kila asubuhi kuja kufua Milimani kwa malipo duni, kisha jioni akarudi kwake, ananyonywa. Anaweza kukataa kuja kesho. Msichana ambaye mshahara wake "unawekwa" na mwajiri kwa mwaka mzima, simu yake imechukuliwa, na ameambiwa akitoka nje ya lango polisi watamkamata kwa wizi, huyo hawezi.

Kadiri mtu anavyosogea kuelekea ziwani, ndivyo mstari huu unavyozidi kuwa mgumu kuuchora. Kuna ile desturi ya jaboya katika fuo zetu, ambapo mwanamke mchuuzi hutoa mwili wake kwa mvuvi ili apate samaki wa kuuza. Je, ni biashara, ni mapenzi, ni kulazimishwa na njaa? Kuna wavulana wanaoacha shule kuvua omena usiku. Mmoja ni mwana wa mwenye mashua, mwingine ametolewa mbali na halipwi. Wote wawili wamelowa maji yale yale. Huko Ghana, katika Ziwa Volta, wasomi na mashirika wamebishana kwa miaka mingi juu ya watoto waliomo mashuani: wapo wanaowaita watumwa na wapo wanaosema wengi wao wanafunzwa kazi na jamaa zao. Mashua ni ile ile, hesabu hubadilika kulingana na swali lililoulizwa. Ndiyo maana mtafiti mwenye akili hamwulizi mtu, "Wewe ni mtumwa?" Huuliza mambo yanayoonekana. Nani anakaa na kitambulisho chako? Mshahara wa mwezi uliopita ulipokewa na nani? Ukitaka kuondoka leo, itakuwaje? Ulipoahidiwa kazi hii uliambiwa utafanya nini, na unafanya nini? Mara ya mwisho kuzungumza na mamako ilikuwa lini?

Baada ya hapo ndipo inapokuja shida ya pili, nayo ndiyo iliyonivutia zaidi. Unamhesabuje mtu aliyefichwa?

Zamani haikuwa vigumu. Watumwa walipotolewa Unguja walipita forodhani na kutozwa ushuru, hivyo walikuwamo vitabuni. Hata sheria ya mwaka 1897 ilipoondoa hadhi ya utumwa kisiwani humo, na ile ya mwaka 1907 kwa Pwani ya Kenya, mabwana walilipwa fidia, kwa hiyo walikuja wenyewe kusema walikuwa na wangapi. Leo hakuna bwana atakayekuja ofisini kujitaja. Karani wa sensa naye, akija nyumbani kwako kama walivyokuja usiku wa Agosti 24, 2019, huandika anachoambiwa na mkuu wa nyumba. Ukimwambia yule msichana ni mpwa wako, ni mpwa wako.

Njia mojawapo wameiazima kwa watu wa samaki, na mkazi wa Kisumu hatashindwa kuielewa. Chukulia unataka kujua idadi ya ngege katika bwawa. Leo unavua 50, unawatia alama kwenye pezi, unawarudisha majini. Kesho unavua tena 60, na kati yao 10 wana alama. Yaani samaki mmoja kati ya kila sita ndiye uliyemwona jana. Basi wale 50 wa jana ni sehemu ya sita ya bwawa zima, na bwawa lina samaki 300 hivi. Hukuwaona wote 300, lakini umewajua. Kwa binadamu, nyavu ni orodha: ya polisi, ya ofisi ya watoto, ya hospitali, ya shirika la misaada. Kama majina yale yale yanajirudia katika kila orodha, wasioonekana ni wachache. Kama orodha hazikutani kabisa, jua kwamba bwawa ni kubwa. Kwa njia ya namna hii Profesa Bernard Silverman alikadiria mwaka 2014 kwamba Uingereza ilikuwa na wahanga kati ya 10,000 na 13,000 katika mwaka wa 2013, ilhali waliokuwa wamejulikana katika orodha zote walikuwa 2,744 tu. Wapo wataalamu waliokosoa hesabu hiyo, kwa sababu samaki hapelekwi na wavu mmoja hadi wavu mwingine, lakini mhanga anayefika polisi aghalabu hupelekwa hospitali, na hilo huvuruga hesabu.

Sasa fikiria tungetaka kufanya hivyo hapa Kisumu. Orodha ya zahanati yangu ingekuwa na majina mangapi? Wavu wangu una tundu kubwa katikati, nami ndiye niliyelitoboa.

Njia nyingine ndiyo ile aliyonitumia mimi. Ilianzia Mexico, baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 1985 katika jiji lao kuu, idadi ya waliokufa ilipokuwa haijulikani. Wataalamu wakiongozwa na Russell Bernard na Peter Killworth wakawaza: kila mtu ana watu anaowafahamu, hebu tuwaulize watu wa kawaida wanawajua wangapi waliokufa. Kwa mfano tu, ukiwahoji watu 1,000, na kila mmoja anafahamiana na watu 200, umeuliza habari za watu 200,000. Wakitaja wahanga 400, hiyo ni watu 2 katika kila 1,000. Katika mji wa watu 100,000 utatarajia 200. Uzuri wake ni kwamba mhanga mwenyewe haguswi. Ubaya wake ni watu kama mimi, wanaojua na hawajui kwamba wanajua.

Na kwa waajiri wenyewe ipo njia inayotokana na wazo la Mmarekani Stanley Warner la mwaka 1965. Mtafiti anakupa sarafu, tuseme ya shilingi kumi. Unairusha peke yako, yeye haoni. Ikitokea upande wa simba, jibu "ndiyo" bila kujali ukweli. Ikitokea upande mwingine, jibu ukweli. Kisha unaulizwa kama umewahi kumzuia mfanyakazi wako asiondoke. Ukisema ndiyo, hakuna ajuaye kama ni wewe au ni simba aliyesema. Lakini wakiulizwa watu 200, karibu 100 watasema ndiyo kwa ajili ya simba. Wakisema ndiyo 130, basi 30 kati ya wale 100 wengine wamekiri. Niliposikia hivyo nilicheka, kisha nikanyamaza, maana nilijiuliza Milimani yetu ingetoa ngapi.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu sisi wasomaji wa magazeti tunapenda tarakimu kubwa bila kuuliza zilipikwaje. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2022 na Shirika la Kazi Duniani, shirika la Walk Free na lile la Uhamiaji la Kimataifa yalisema watu milioni 49.6 walikuwa katika utumwa mamboleo siku yoyote ya mwaka 2021: milioni 27.6 katika kazi za kulazimishwa na milioni 22 katika ndoa za kulazimishwa. Shirika hilo la Kazi lilikuwa limesema milioni 12.3 mwaka 2005, na milioni 20.9 mwaka 2012. Je, utumwa umeongezeka mara nne? La hasha. Zile za awali zilihesabu kazi za kulazimishwa, ndoa ziliongezwa baadaye, na njia za kuhesabu zimebadilika. Vivyo hivyo kwa Kenya. Walk Free ilitukadiria kuwa na watu 328,000 katika ripoti yake ya 2018, na 269,000 katika ile ya 2023. Kama kuna mwanasiasa atakayesimama jukwaani kusema watu 59,000 wameachwa huru, usimpigie makofi. Waandishi wa ripoti hizo wenyewe wameonya zisilinganishwe hivyo. Namba hizo ni kama kipimajoto kilichowekwa juu ya blanketi. Kinakuambia kwamba kuna homa, lakini usikitumie kupima dozi ya dawa.

Wenzangu wawili niliowasimulia habari hizi waliniuliza maana ya kuhesabu ni nini, kama hata wanaohesabu wanakosoana. Si afadhali fedha hizo ziwaokoe hao watoto? Swali hilo nalifahamu, kwa sababu liliulizwa hapa hapa wakati wa Ukimwi. Tangu mwaka 1990 nchi hii ilianza kupima, bila majina, damu iliyobaki ya akina mama waja wazito katika kliniki kadhaa. Watu wa Nyanza walichukia namba zile, na si bila sababu, kwani zilitumiwa pia kututukana. Lakini Rais Moi alipotangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa Novemba 1999, na baadaye dawa zilipoanza kuletwa, namba zile ndizo zilizoonyesha zipelekwe wapi. Ugonjwa usiohesabiwa haupewi bajeti. Nani leo atamwajiri afisa wa watoto wa ziada kwa ajili ya Milimani, mtaa ambao daktari wake mwenyewe amesema ni sifuri?

Tena usidhani kalamu ya daktari hukosea hapa kwetu peke yake. Mwaka 2021 Wizara ya Mambo ya Nje ilieleza kwamba Wakenya 89 walikuwa wamefia Saudi Arabia katika mwaka wa 2020 na 2021, wengi wao wakiwa wafanyakazi wa nyumbani, na kwamba sababu iliyotolewa kwa sehemu kubwa ilikuwa kusimama kwa moyo. Naomba nizungumze hapa kama daktari. Kila anayekufa, moyo wake husimama. Aliyezeeka, aliyenyongwa, aliyeanguka kutoka ghorofani, aliyekufa kwa kiu. Kuandika kwamba moyo ulisimama ni kuandika kwamba marehemu amekufa. Wasichana wa miaka ishirini na kitu, waliopimwa afya kabla ya kupanda ndege, hawafi makumi kwa makumi kwa moyo. Katibu mkuu wa wizara wa wakati huo mwenyewe alitilia shaka maelezo hayo hadharani. Lakini mtafiti anayekusanya vyeti hivyo atapata nini? Atapata safu ndefu ya maradhi ya moyo. Uongo ulioingizwa na daktari mmoja kitandani hauwezi kuondolewa na hesabu yoyote, hata iwe ya kiwango gani.

Na madhara yapo, hata wasipokufa. Mwaka 2015 Ligia Kiss na wenzake wa chuo cha afya na tiba za tropiki cha London walichapisha utafiti wa zaidi ya watu 1,000 waliotoka mikononi mwa walanguzi na kupokewa na huduma za msaada huko Cambodia, Thailand na Vietnam. Asilimia 61 walikuwa na dalili za sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni usioondoka. Asilimia 43 walikuwa na dalili za wasiwasi uliopita kiasi, na asilimia 39 zile za akili iliyojeruhiwa na mshtuko. Rafiki yangu mtafiti ananikumbusha kwamba hao ni waliofika mahali pa msaada. Ambao hawajatoka hakuna aliyewapima.

Mimi huwaona, lakini huja na malalamiko mengine. Kichwa kisichopona. Mgongo wa binti mdogo unaouma kama wa mzee. Hedhi iliyokatika bila mimba, kwa sababu ya kukonda na mashaka. Vidonda vya umri tofauti juu ya mwili mmoja. Tumbo linalouma kila Jumapili jioni. Mara nyingi ni maradhi ya kawaida tu, sitaki msomaji aanze kumshuku kila jirani. Ila ukiona mgonjwa hajui anwani ya anapoishi, hana simu, amechelewa kuletwa siku nyingi, na kila swali linajibiwa na mwingine, kuna jambo.

Siku hizi nina utaratibu mmoja ambao umenipotezea wateja wawili watatu. Kila mgonjwa, awe bibi wa nyumba au msichana wa jikoni, huonana nami peke yake kwa dakika chache. Muuguzi wa kike huwapo. Mwajiri huombwa asubiri nje anywe maji. Humuuliza mgonjwa kwa lugha anayoielewa, iwe Kiswahili, Kijaluo au Kiluhya kidogo nilichonacho: unalala wapi, unakula saa ngapi, unaweza kutoka, kuna anayekuumiza? Kisha huandika kile alichosema yeye, na nilichokiona mimi, kila kimoja mahali pake. Kama umri unaotajwa haufanani na mwili, naandika hivyo. Simtangazi mtu kuwa mtumwa. Na sikimbilii polisi mgonjwa akiwa bado atarudi kulala katika nyumba ile ile, maana kanuni ya kutodhuru haikuwekwa kwa ajili ya sindano tu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2003 wa jinsi ya kuwahoji wanawake waliolanguliwa, na kiini chake ni hicho: kabla hujauliza, jua utafanya nini ukijibiwa. Kwa mtoto, namba ya simu ya bure 116 hupokewa mchana na usiku, na ofisi ya watoto ya kaunti ipo. Hizo ninazo ukutani, nyuma ya mlango, mahali anapozisoma aliyebaki peke yake chumbani.

Baadhi yenu mtakasirika. Mtasema, daktari, mimi nimemsomesha yule mtoto, nimemtoa kwenye njaa, leo unaniita mlanguzi? Sikuiti hivyo. Kama anasoma kweli, basi ana sare na daftari na mwalimu anayemjua kwa jina, na hutaona ugumu wowote mtafiti akizungumza naye bila wewe kuwapo. Lakini ujue pia kwamba Sheria ya Kupambana na Ulanguzi wa Binadamu ya mwaka 2010 haikuandikwa kwa ajili ya wanaovusha watu mipaka pekee. Inamgusa pia anayempokea na kumhifadhi mtu ili amnyonye, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30 au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote pamoja. Akiwa ni mtoto, haisaidii kusema alikuja kwa hiari yake, wala kwamba mzazi alikubali.

Kwa hiyo akija mtafiti langoni kwako na kibali chake, mlinzi asimfukuze kama alivyozoea kuwafukuza wauza vyombo. Maswali yanayokuhusu yajibu wewe. Yale ya msichana, toka nje ukamwagilie maua. Ukimleta kwangu, msalimu muuguzi, kisha uketi kwenye benchi ya ukumbini. Kuna magazeti.

Kadi ya yule msichana wa maji ya ugali bado iko kabatini mwangu, kwani sheria za kazi yetu haziniruhusu kufuta kilichoandikwa. Nimeongeza mstari chini yake kwa wino mwingine, pamoja na tarehe ya siku niliyouandika, nikieleza nilichokiona siku ile na sikukiandika. Mtafiti anasema mstari huo hautaingia katika hesabu yoyote.